Nani Anashika Kitabu cha Getini?

Kuna jamaa anaitwa Vivek Kundra. Alizaliwa New Delhi, lakini akiwa bado mdogo sana wazazi wake walihamia Tanzania, ambako baba yake alikuwa mwalimu, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha za kwanza alizozungumza. Alipofika miaka 11 familia ikahamia Marekani, karibu na jiji la Washington. Machi 2009 Rais Obama alimteua kuwa afisa mkuu wa kwanza wa teknolojia ya habari wa serikali kuu ya nchi hiyo. Yaani mtu aliyeziambia wizara za Marekani zitoe mafaili kabatini na kuyapeleka kwenye wingu huenda mpaka leo anajua kuagiza chai kwa Kiswahili safi. Nilipogundua hilo nilicheka, halafu nikaanza kufuatilia kisa chote.

Wingu, kama bado hujamweleza mzazi wako, ni kompyuta za kampuni fulani ambazo unazipanga kama nyumba. Barua pepe, kalenda, hati unazoandika na wenzako, vyote vinakaa huko, na wewe unalipa kodi kwa kila kichwa. Ukiacha kulipa, unatolewa.

Kwa nini serikali yenye pesa zote hizo ikubali kuwa mpangaji? Mwaka 1998 serikali kuu ya Marekani ilikuwa na vituo 432 vya kuhifadhi data. Kufikia 2010 vilikuwa zaidi ya 2,000. Kila idara ilitaka chumba chake cha seva, kipoza hewa chake, fundi wake. Kundra alikuwa ameshaujaribu mwingine, ule wa kupanga, kabla ya kuitwa ikulu: 2008, akiwa mkuu wa teknolojia wa jiji la Washington, alinunua programu za ofisi za Google kwa wafanyakazi wapatao 38,000. Desemba 2010 akatoa agizo kwa serikali nzima, wingu kwanza. Kila idara ichague huduma tatu za kuhamisha, moja ndani ya miezi 12 na mbili zilizobaki ndani ya miezi 18.

Kwenye karatasi, mambo yote sawa. Lakini Los Angeles walikuwa wametangulia, na kisa chao ndicho ningependa kila mtu akisome.

Oktoba 2009 baraza la jiji hilo lilipiga kura 12 kwa 0 kuhamisha barua pepe za wafanyakazi wapatao 30,000 kutoka mfumo wa zamani wa Novell kwenda Google. Mkataba ulikuwa wa dola milioni 7 na kitu, na kazi ya kuhamisha ikapewa kampuni ya CSC. Wafanyakazi wa kawaida walihama. Polisi wakabaki nyuma. Barua pepe ya polisi si barua pepe tu, ndani yake kuna majina ya washukiwa, rekodi za uhalifu, alama za vidole. FBI ina masharti kuhusu data ya aina hiyo, na mojawapo ni kwamba mtu yeyote anayeweza kuifikia ikiwa haijafungwa kwa siri lazima achunguzwe maisha yake, pamoja na kuchukuliwa alama za vidole.

Sasa hebu fikiria. Zamani mtu aliyeweza kuifikia seva ya polisi alikuwa fundi wa jiji, anajulikana, anakunywa kahawa pale chini. Kwenye wingu, mtu huyo ni mhandisi wa kampuni, na jiji halimjui hata kwa jina. Walivutana miaka miwili. Desemba 2011 jiji lilikata tamaa: polisi na wenzao wa kesi, watu wapatao 13,000, wakaachwa kwenye mfumo wa zamani, na Google ikakubali kugharamia sehemu ya bili hiyo. Watu wengi walilisoma hilo kama aibu ya teknolojia. Mimi naona polisi wa Los Angeles waliuliza swali sahihi mapema kuliko wote: nani ana ufunguo, na tumemjuaje?

Kwingine waliuliza maswali ya pesa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani ilitangaza 2010 kwamba inataka bidhaa ya Microsoft peke yake, Google ikaenda kortini, hakimu akasimamisha zabuni, na 2012 wizara hiyohiyo ikaishia kuchukua ya Google. Hakuna haja ya kukaa sana hapo. Zabuni ni zabuni, sisi Wakenya hatuhitaji mwalimu.

Kilichokuwa na maana zaidi ni mpango ulioitwa FedRAMP, ulioanzishwa Desemba 2011. Kabla yake, kila idara ilikuwa ikikagua usalama wa bidhaa ileile upya, kurasa mamia, miezi na miezi. FedRAMP ilisema kampuni ikaguliwe mara moja na mkaguzi wa nje, kisha idara zote zitumie cheti hicho. Ni wazo zuri, sina ugomvi nalo. Shida ya cheti ni kwamba watu wakishakiona ukutani huacha kuuliza.

Tuje 2023. Ukiingia jengo lolote Nairobi, kuna soja na kitabu. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho, saa, unaenda kumwona nani. Programu za ofisi za wingu zina kitabu kama hicho, kinachoonyesha nani alifungua barua gani na saa ngapi. Kwa Microsoft, kurasa muhimu zaidi za kitabu hicho zilikuwa zinauzwa kando. Ukiwa na leseni ya kawaida unapata mlango na kufuli, lakini kujua ni nani aliyesoma barua zako, ongeza pesa.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imeongeza pesa. Tarehe 15 Juni 2023 watu wake wa usalama wakaona kitu hakikai sawa, wakaiambia Microsoft. Ikabainika kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China walikuwa na ufunguo wa kampuni yenyewe, wa tangu 2016, unaofanya kazi kama muhuri wa ofisi: ukigonga karatasi, mlango unafunguka bila maswali. Barua pepe wapatazo 60,000 zilitoka kwenye wizara hiyo pekee. Waziri wa Biashara, Gina Raimondo, naye alisomwa. Bodi ya serikali iliyochunguza ilitoa ripoti Aprili 2024, na mimi, niliyeacha chuo na sina lekcha wa kunipangia vitabu, nikaisoma yote kwa simu usiku mmoja. Inasema tukio hilo lingeweza kuzuiwa. Inasema pia kwamba Microsoft yenyewe haijui ufunguo huo uliibwaje.

Baada ya kelele, Julai 2023 kampuni ilitangaza kwamba kurasa hizo za kitabu zitapewa wateja bila malipo ya ziada.

Mwezi huohuo, huku kwetu, eCitizen ilianguka. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ndilo lililofanya hivyo, kundi lilelile lililokuwa limezitikisa huduma za Microsoft mwezi Juni. Walifurika mlango kwa maombi mpaka watu halali wakakosa nafasi ya kupita. Wageni walipewa viza wakifika kwa sababu mfumo wa mtandaoni haukufanya kazi. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, na shambulio la aina ile kwa kawaida haliibi, linaziba tu. Tuliliona sote kwa sababu lilikuwa na kelele. Lile la Washington lilikuwa kimya kabisa.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inataka Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 data ya watu ikivuja na kuwaweka hatarini. Kanuni za 2021 zinaongeza kwamba data fulani za kitaifa, kama za uchaguzi na usajili wa raia, zichakatwe humu nchini au angalau nakala moja iwe hapa. Vizuri. Lakini zile saa 72 zinaanza kuhesabiwa pale unapojua. Ofisi isiyo na kitabu cha getini inaweza kusomwa mwaka mzima, na saa yake bado haijaanza kugonga.

Kwa hivyo siku hizi nikipata zabuni ya barua pepe ya ofisi ya umma, nairuka ile ya bei na kwenda kurasa za nyuma. Natafuta mambo mawili tu: rekodi za nani aliingia zinahifadhiwa kwa siku ngapi, na zikihitajika, ni nani anaziomba na kwa nani. Kwa zile chache nilizosoma, sehemu hiyo ni fupi kuliko ile ya ukubwa wa bahasha.