Wachoma Macho wa Zamani

Mwishoni mwa Machi 1750, John Taylor, tabibu wa macho kutoka Uingereza, alikuwa mjini Leipzig akimchoma sindano jichoni mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, mzee wa miaka 65. Baada ya siku chache akamrudia. Bach akapofuka, na Julai 28 akafariki. Miaka minane baadaye ikawa zamu ya mtunzi mwingine, Handel, ambaye naye alikufa haoni. Na Taylor hakuwa mganga wa vichochoroni: alikuwa tabibu wa macho wa Mfalme George II.

Ufundi wenyewe ulikuwa wa kale mno. Umeelezwa katika Sushruta Samhita, kitabu cha tiba cha India. Mchomaji alipenyeza sindano ubavuni mwa jicho na kuisukuma lenzi iliyoingia ukungu, mpaka nyuzi zinazoishikilia zikakatika nayo ikazama chini. Njia ya mwanga ikawa wazi. Mtu aliyeongozwa kwa mkono tangu mwaka juzi akaanza kuhesabu vidole palepale, ingawa kwa ukungu, maana sasa hana lenzi. Ujira ukalipwa. Usaha na presha ya jicho vilikuja baadaye, mchomaji akiwa keshavuka mji wa tatu. Hapo ndipo penye siri ya biashara hii kudumu: faida ilionekana mbele ya watu, hasara ikabaki ya mgonjwa na jamaa zake.

Ajabu ni kwamba mafundi hao hawakujua wanasukuma nini. Tangu enzi za Galen iliaminika kwamba lenzi ndiyo inayoona, na kwamba mtoto wa jicho ni majimaji yaliyoshuka na kuganda mbele yake. Hata Ammar ibn Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri miaka elfu iliyopita na kuunda sindano yenye tundu ya kufyonza ukungu huo, aliishi ndani ya imani hiyo. Mwaka 1705 Mfaransa Michel Brisseau alipasua jicho la askari aliyekufa, akakuta kilichoganda ni lenzi yenyewe.

Sababu ya lenzi kuganda iko katika maumbile yake. Lenzi haina mishipa ya damu, na nyuzi za katikati yake, zilizoumbwa mtoto akiwa bado tumboni, hazibadilishwi maisha yote. Tabaka jipya huongezeka juu ya la zamani. Protini zilizopangika vizuri huchakaa na kushikamana mabonge, rangi ikageuka njano, kisha kahawia. Kisukari, sigara na jua kali huharakisha.

Jacques Daviel alianza kuitoa lenzi nje mwaka 1747, bila ganzi; ganzi ya macho ilifika 1884, Carl Koller alipotumia kokeni. Pengo lililobaki lilizibwa kwa miwani mizito, hadi Novemba 29, 1949, Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya plastiki katika hospitali ya St Thomas', London. Alikuwa ameona vipande vya vioo vya plastiki vya ndege za vita vikikaa machoni mwa marubani bila kuleta uvimbe. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka.

Wachomaji hawajatoweka. Nigeria na Mali bado wapo, wakizunguka vijijini ambako hospitali ni mbali na nauli ni ghali. Madaktari huko hupokea macho yaliyochomwa na watu hao, mengine yakiwa yamechelewa kuokolewa.