Ferrari 250 GTO: Gari la miaka 60 linalouzwa kwa dola milioni 50, je, bado ni kitega uchumi?

Mwezi Novemba 2023, jijini New York, kampuni ya mnada ya RM Sotheby's iliuza gari aina ya Ferrari 250 GTO la mwaka 1962 kwa dola za Marekani milioni 51.7. Hadi siku hiyo hakuna Ferrari iliyokuwa imefikia bei hiyo katika mnada wa hadhara. Hata hivyo, waliolifuatilia soko hilo kwa karibu waliondoka ukumbini na swali, kwani matarajio yaliyotangazwa kabla ya mnada yalikuwa zaidi ya dola milioni 60.

Swali hilo ni hili: je, bei ya gari hili, ambalo kwa miongo mitatu limekuwa kipimo cha soko zima la magari ya kale ya Italia, imefika kileleni?

Kwanza, gari lenyewe. Kati ya mwaka 1962 na 1964 kiwanda cha Ferrari cha Maranello kilitengeneza magari 36 tu ya aina hii, na hesabu hupanda hadi 39 yakijumuishwa machache yenye injini kubwa zaidi au bodi tofauti. Nambari 250 ni ujazo wa kila silinda kwa sentimita za ujazo. Silinda ziko 12, hivyo injini ni ya lita tatu, yenye nguvu za farasi zipatazo 300. Herufi O husimama badala ya neno la Kiitaliano lenye maana ya kuidhinishwa, na hapo pana kichekesho kidogo. Kanuni za mashindano zilitaka yatengenezwe magari 100 kabla ya kuidhinishwa, lakini Ferrari ilidai kuwa hili si gari jipya bali ni mwendelezo wa 250 GT iliyotangulia. Dai hilo lilikubaliwa. Uhaba unaolipiwa mamilioni leo ulizaliwa, kwa sehemu, na ujanja huo.

Mhandisi aliyelianzisha, Giotto Bizzarrini, aliondoka kiwandani mwaka 1961 pamoja na wenzake kadhaa baada ya mgogoro na uongozi. Kazi ilikamilishwa na Mauro Forghieri, aliyekuwa na umri wa miaka 26, pamoja na mafundi wa bodi wa Scaglietti mjini Modena. Gari hilo likaipa Ferrari ubingwa wa dunia wa magari ya daraja lake kwa miaka mitatu mfululizo, 1962 hadi 1964.

Bei iliyopanda, ikaanguka, ikapanda tena

Lilipokuwa jipya liliuzwa Marekani kwa takriban dola 18,000. Mara tu lilipopitwa na magari mapya ya mbio, likawa chombo kikuukuu kama vingine. Moja lilitolewa zawadi kwa shule ya sekondari katika jimbo la Texas, ambayo ililiuza mwaka 1972 kwa dola 6,500; mnunuzi akaliacha juu ya tela, nje, kwa miaka mingi. Mwaka 1977 Nick Mason, mpiga ngoma wa bendi ya Pink Floyd, alinunua la kwake kwa paundi za Uingereza zisizofika 40,000, na watu walidhani amepunjwa.

Baada ya Enzo Ferrari kufariki Agosti 1988, na fedha nyingi za Japani zikitafuta pa kwenda, bei ilipaa hadi kupita dola milioni 10. Kisha uchumi wa Japani ukaporomoka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 gari lilelile lilipatikana kwa karibu robo ya bei hiyo. Aliyenunua kileleni kwa mkopo alibaki na deni lililozidi thamani ya gari. Vipeperushi vya wauzaji havina desturi ya kukitaja kipindi hiki.

Mnada wa mwaka 2014 ulifikisha dola milioni 38.1, na wa mwaka 2018 milioni 48.4. Mwaka huohuo wa 2018 iliripotiwa kuwa jingine liliuzwa faraghani kwa takriban milioni 70.

Tuangalie hesabu. Mmiliki aliyeuza mwaka 2023 alikuwa amelinunua gari lake mwaka 1985 kwa takriban dola 500,000. Nyundo ilipogongwa bei ilikuwa milioni 47. Kilichozidi ni ada ya wanadalali inayolipwa na mnunuzi. Kwa miaka 38, hilo ni ongezeko la asilimia 12 hadi 13 kwa mwaka, kabla ya kutoa bima, hifadhi na matengenezo. Ni faida nzuri, lakini si muujiza. Tukilinganisha nyundo ya 2018, milioni 44, na ile ya 2023, ongezeko halifiki asilimia mbili kwa mwaka, chini kabisa ya mfumuko wa bei wa Marekani katika kipindi hicho. Magari hayo mawili yana historia tofauti, kwa hiyo ulinganisho huu ni dalili tu.

Kinachopimwa ni historia

Mnunuzi halipii chuma peke yake. Hulipia nambari ya chasisi, injini ya awali, na kumbukumbu za mashindano. Gari la 2023, kwa mfano, lilishindaniwa na timu ya kiwanda yenyewe na kushika nafasi ya pili katika kilomita 1,000 za Nürburgring mwaka 1962. Ndiyo maana nakala bandia ni tishio. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna iliamua kuwa umbo la 250 GTO ni kazi ya sanaa inayolindwa na sheria, baada ya kampuni moja ya Modena kupanga kutengeneza nakala.

Kodi nayo hubadili hesabu. Uingereza haitozi kodi ya faida kwa mauzo ya gari la mtu binafsi, ilhali Marekani inaweza kutoza hadi asilimia 28.

Kuhusu mbeleni, uhaba hautaisha, na wamiliki wengi hawana haja ya kuuza. Wasiwasi uko kwa wanunuzi. Waliokua wakiliona 250 GTO likishindana sasa ni wazee, na matajiri wa rika la kati mara nyingi huvutiwa zaidi na magari ya ujana wao, kama Ferrari F40 ya mwaka 1987. Hata kampuni zinazouza hisa ndogondogo za magari ya kale kwa watu wa kipato cha kawaida zinategemea jambo hilohilo: siku ya kuuza, lazima apatikane tajiri mmoja anayelitaka gari hilo.