Pengo na Ubutu: Maradhi Mawili ya Makali

"Pitisha ukucha, si kidole," fundi aliniambia. Tulikuwa kibandani kwake Gikomba, Nairobi, na mkononi nilishika kisu cha randa aliyokuwa ameniazima siku mbili kabla. Ukucha ukateleza juu ya makali, kisha ukakwama mahali ambapo macho yangu hayakuona kitu. "Hilo ni pengo. Umekula msumari." Sikuwa na la kubisha. Ubao niliokuwa nimeupiga randa ulitoka kwenye paleti, na sasa ulikuwa na mstari ulioinuka mwanzo hadi mwisho, mwembamba kama mshono wa suruali.

Waingereza hukiita kidonda hicho nick. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "uharibifu wa makali", na hatakuwa amekosea, ila hatakuwa amesema kitu. Neno tunalo tayari. Jino likitoka huacha pengo. Ukingo wa chungu ukimeguka, hilo nalo ni pengo. Makali yakimeguka, jina ni lilelile.

Faida ya istilahi hii huonekana ukiiweka kando ya nduguye, ubutu. Makali butu yamechakaa yote kwa pamoja, lakini yenye pengo yamemeguka mahali pamoja, na kwingine bado yanakata. Ubutu mara nyingi huletwa na mchanga, pengo mara nyingi huletwa na chuma. Maradhi ni mawili, na kinga zake ni mbili.

Eastlands ina mbao za kuleta yote mawili. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma nchini Kenya, iliyotangazwa Februari 2018, ilipandisha bei ya mbao mpya, na mbao zilizotumika zikazidi kuvutia. Zile za saipresi zilizoshikilia zege kwenye majengo mapya ya Umoja au Kayole hubaki na saruji iliyoganda. Saruji na mchanga wake huyasaga makali. Kwa hiyo zisuguliwe kwa brashi ya waya kabla ya kuguswa na randa, hasa kwenye vichwa vya ubao, ambako mchanga hupenya ndani ya nyuzi za mti.

Paleti za Industrial Area zina hatari nyingine. Nyingi huwa na mhuri wa herufi HT, maana yake mti ulipashwa joto la nyuzi 56 hadi kiini chake kwa dakika 30 ili wadudu wafe. Ukiona MB, iache: imefukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu. Lakini hakuna mhuri unaotaja misumari. Misumari ya paleti mara nyingi huwa na mizunguko kama parafujo ili isichomoke. Ukiivuta kwa kucha za nyundo, kichwa hukatika na mwili ukabaki ndani. Huo uliobaki ndio msumari nilioula.

Fundi akanionyesha anavyofanya yeye. Ana sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, ameining'iniza kwa uzi. Huipitisha polepole juu ya ubao, na inapovutwa huchora duara kwa chaki. Hutazama pia weusi kwenye mti, kwa kuwa kutu hupaka rangi pale ilipolala. Msumari uliokatika kichwa huusukuma kutoka upande wa ncha kwa kipande cha chuma na nyundo. Usipotoka, hukata ubao pale na kukitupa kipande chenye msumari. Mkato wa kwanza huufanya kwa msumeno mzee, ule ambao hata ukipoteza jino hakuna atakayelia. Msumeno wa duara wenye ncha za kabaidi hungoja zamu yake: kabaidi ni ngumu lakini hupasuka, na ncha ikiruka huweza kulifikia jicho.

Katika rambirambi husemwa kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Kwa randa, maneno hayo ni hesabu. Pengo lenye kina cha nusu milimita haliondoki mpaka uondoe nusu milimita ya chuma katika upana wote wa kisu. Makali mazima hulipia kosa la mahali pamoja.

Fundi hakunidai pesa. Alinisogezea kinoo na kopo la maji, akarudi kwenye kazi yake. Niliinuka pale magharibi ikiingia, ukucha ukiteleza bila kukwama.