Wikiendi ya Theluji Colorado Ukiwa Peke Yako: Jinsi ya Kukwepa Nyomi ya Sikukuu

Jumamosi ya sikukuu, saa moja asubuhi, barabara kuu namba 70 inayotoka Denver, Marekani, kupanda milimani huwa imeshajaa. Magari yanasogea kama konokono, skii zimefungwa juu ya paa, watoto wanalia kiti cha nyuma. Safari ya saa moja na nusu inakula nusu ya asubuhi. Ukifika, maegesho yamejaa. Ukipata pa kuegesha, foleni ya lifti inakusubiri. Na tiketi umeuziwa kwa bei ya juu kuliko karibu siku zote za msimu.

Kumbe nyomi hii haiji kwa kushtukiza. Iko kwenye kalenda, na mtu anayesafiri peke yake ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kuikwepa, kwa sababu hasubiri likizo ya mke, shule za watoto wala ruhusa ya bosi wa rafiki yake.

Tarehe kwanza, mlima baadaye

Kila mtu anajua kwamba Krismasi mpaka Mwaka Mpya ni balaa. Mtego uko kwenye wikiendi mbili ambazo mgeni anaziona za kawaida: ile ya Siku ya Martin Luther King, Jumatatu ya tatu ya Januari, na ile ya Siku ya Marais, Jumatatu ya tatu ya Februari. Jumatatu hizo ni mapumziko, hivyo watu wanapata siku tatu mfululizo na wote wanawaza kitu kimoja. Halafu inakuja Machi na likizo za shule, familia zinajaa tena.

Nafasi nzuri zipo katikati. Wikiendi iliyo baada ya Mwaka Mpya na kabla ya ile ya Martin Luther King huwa tulivu: watu wamechoka na mifuko imekauka. Vilevile wikiendi ya mwisho ya Januari na ya kwanza ya Februari. Theluji kwa kawaida imeshajaa vya kutosha, ila baridi ni ya kweli, si ya kutania.

Wenyeji wana ujanja mwingine: Jumapili ya fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl. Mchana watu wanashuka kuwahi televisheni na milima inabaki na nafasi. Lakini angalia kalenda kabla ya kushangilia. Mwaka 2027 fainali hiyo imepangwa tarehe 14 Februari, katikati kabisa ya wikiendi ya Siku ya Marais. Hapo ujanja haufanyi kazi.

Desemba mwanzoni watu ni wachache, ila mara nyingi miteremko iliyofunguliwa nayo ni michache, mnabanana palepale. Aprili ni bora kwa asiyependa baridi kali. Theluji asubuhi ni ngumu, mchana inalainika kama uji, na milima ya juu kama Arapahoe Basin bado inafanya kazi wakati mingine imeshafunga.

Treni badala ya foleni

Kwa msafiri wa peke yake asiye na gari, Winter Park ndiyo rahisi kupanga. Wakati wa msimu treni ya Amtrak iitwayo Winter Park Express huondoka asubuhi kituo cha Union Station katikati ya Denver, na baada ya saa mbili hivi inakushusha chini kabisa ya mlima. Njiani inapita Moffat Tunnel, handaki lenye urefu wa karibu kilomita 10 lililofunguliwa mwaka 1928. Treni ya watelezaji ilianza njia hiyo mwaka 1940, ikasimama 2009, ikarudi chini ya Amtrak mwaka 2017. Jioni inakurudisha mjini. Viti huisha, kwa hiyo kata tiketi mapema, ya kwenda na ya kurudi.

Anayetaka gari ajue kwamba kwenda Winter Park bado atatumia sehemu ya barabara namba 70, kisha apande Berthoud Pass, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Sheria ya Colorado inataka gari liwe na matairi yanayofaa theluji au minyororo, kuanzia Septemba hadi Mei, na gari la kukodi halijasamehewa. Kampuni nyingi zinakupa matairi ya kawaida tu. Ukikwama na kuziba njia, faini ni yako.

Malazi ndiyo sehemu inayomuumiza mtu mmoja, maana chumba kinalipiwa chote hata ukilala upande mmoja wa kitanda. Wikiendi za sikukuu hoteli nyingi hukataa kabisa kupangisha usiku mmoja. Njia mbili zinasaidia: kulala Denver na kupanda treni asubuhi, au kulala mji wa jirani wa Fraser na kutumia basi la bure linalokwenda mpaka mlimani.

Tiketi ya lifti inunuliwe mtandaoni siku kadhaa kabla. Ukienda dirishani siku ya tukio kwenye milima mikubwa ya Colorado, bei ya siku moja inaweza kupita dola 200. Imekula kwako. Mwenye bajeti ndogo aitazame Eldora, inayofikika kwa basi la umma kutoka Boulder.

Faida ya kuwa mmoja

Lifti za viti hubeba watu wanne au sita kwa mkupuo. Kundi la watu watatu likikaa, kiti kimoja kinabaki wazi. Ndiyo maana lifti nyingi kubwa zina foleni ya pembeni ya watu wa peke yao, wanaojaza viti hivyo. Wakati familia inasubiri dakika 20, wewe umeshapanda.

Kama hujawahi kuvaa skii, lipia darasa la kundi siku ya kwanza. Mkenya Philip Boit alikuwa mkimbiaji, akaanza kujifunza skii Finland mwaka 1996, na miaka miwili baadaye akashiriki Olimpiki ya Nagano. Naye alifundishwa. Darasani utapata pia watu wa kula nao mchana.

Miteremko ina alama: duara la kijani ni rahisi, mraba wa buluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ya wenye uzoefu. Mgeni abaki kwenye kijani, hata kama rafiki wa kwenye lifti anamwita kwingine.

Kichwa kinauma kabla ya miguu

Chini ya mlima wa Winter Park ni mita 2,743, karibu sawa na kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro. Kilele kiko mita 3,676, yaani jirani na urefu wa Horombo. Mpanda Kilimanjaro analala usiku mmoja katikati ya vituo hivyo viwili. Lifti inakufikisha asubuhi moja. Kwa hiyo lala Denver Ijumaa, mji ambao nao uko mita 1,609, kunywa maji mengi, na pombe iache kando. Ukipata kichwa kuuma sana, kichefuchefu au kuyumba, shuka chini. Usisubiri ipite.

Hatari ambayo watu wawili hawaioni

Hapa ndipo kwenda peke yako kunabadilisha hesabu. Chini ya misonobari theluji hujikusanya ikiacha shimo lililofichwa kuzunguka shina. Mtu akitumbukia humo kichwa chini, theluji laini inamfunika na kujinasua ni vigumu mno. Mwenye mwenzake anavutwa. Aliye peke yake haonekani na sauti haifiki.

Jioni lifti zikifungwa, askari wa doria hupita miteremko yote kuhakikisha hakuna aliyebaki. Lakini wanapita njia zilizo wazi, hawapekui kila mti. Kwa hiyo mtu wa peke yake abaki kwenye njia zilizosawazishwa na mashine, asiingie msituni hata kama theluji mpya inavutia. Kamba ya kuzuia njia isivukwe. Colorado hilo ni kosa kisheria, na upande wa pili kunaweza kuwa na maporomoko ya theluji.

Bima nayo iangaliwe kabla ya safari. Bima nyingi za wasafiri haziingizi michezo ya theluji mpaka ulipie nyongeza, na hospitali za Marekani zinajulikana kwa bili zake.

Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi hunyonya chaji haraka. Namba ya doria ya mlima iandikwe pia kwenye karatasi. Na kabla ya kupanda, mtu mmoja aambiwe mlima gani, njia zipi na saa ngapi utashuka. Mkubaliane kabisa: lifti zinafungwa saa kumi jioni, simu isipopigwa mpaka saa kumi na nusu, yeye anapiga mlimani. Simu ya pili ipigwe ukiwa umeshakaa kwenye kiti cha treni.