Kabla ya AI Walikuwepo Watu: Historia ya ADHD na Wasaidizi Wasiotajwa Majina

Haya wadau, leo tuache kidogo mambo ya nani kaachana na nani. Tuongelee vichwa.

Siku hizi ukiingia mtandaoni hupiti mbali bila kukutana na mtu mwenye ADHD anayesimulia jinsi AI inavyomsaidia kuishi. Yupo dada anayeiongelesha akiwa kwenye daladala. Anamwaga yote yaliyojaa kichwani: kodi ya nyumba, nguo iliyoko kwa fundi, barua pepe ya bosi ya tangu wiki iliyopita. Anarudishiwa orodha iliyopangwa vizuri, kipi kianze na kipi kisubiri. Na kwenye maoni hakosekani wa kumchamba: yaani hata kupanga siku yako mpaka uulize roboti? Uvivu tu huo.

Hilo neno uvivu ndilo limenifanya niandike hii. Maana ukifukua historia, unakuta watu wamekuwa wakikumbushwa na kupangiwa mambo yao tangu enzi na enzi. Ila zamani msaidizi alikuwa binadamu, na ili umpate ilibidi uwe na hela au cheo.

Mnong'onezaji wa Roma

Wanasiasa wa Roma ya kale walikuwa na mtumwa aliyeitwa nomenclator. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya bosi barabarani na kumnong'oneza majina ya watu wanaokuja mbele, ili bosi awasalimie kwa majina na kuvuna kura. Sifa zinaenda kwa bosi. Aliyenong'ona, mara nyingi hata jina lake halikuandikwa popote.

Sisemi mabosi hao walikuwa na ADHD, huwezi kumpima mtu aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyewaona wavivu kwa sababu ya kukumbushwa. Walionekana wakubwa.

Hali yenyewe inapata jina

Mwaka 1798 daktari mmoja kutoka Scotland, Alexander Crichton, aliandika kuhusu watu ambao umakini wao unakatika kwa kitu kidogo tu: mbwa akibweka, meza ikisogezwa, mlango ukifungwa ghafla. Alieleza kwamba mtoto anaweza kuzaliwa na hali hiyo na ikamsumbua kwenye masomo. Ukisoma maelezo yake unaweza kudhani anamsema mshkaji wako wa ofisini.

Miaka ya 1840 daktari wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, akatunga hadithi za kuchekesha za watoto. Ndani yake yumo Philipp, anayebembea na kiti mezani mpaka anaanguka na kitambaa, sahani na chakula chote. Kijerumani mpaka leo kina jina lake kwa mtoto asiyetulia: Zappelphilipp.

Mwaka 1902, London, daktari wa watoto George Still akatoa mihadhara kuhusu watoto wenye akili timamu kabisa lakini wasioweza kujizuia. Akaiita hali hiyo kasoro ya udhibiti wa kimaadili. Umeona hapo? Neno maadili liliingia mapema sana, na ile harufu ya "huyu ana tabia mbaya" haijatoka mpaka leo. Kwetu mtoto wa hivyo aliitwa mtukutu, na dawa yake ilikuwa fimbo.

Mwaka 1937 nchini Marekani, Charles Bradley aliwapa watoto 30 dawa iitwayo Benzedrine, na karibu nusu yao wakabadilika sana kwenye masomo. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, akatengeneza dawa nyingine. Mke wake Marguerite aliijaribu, na ndiyo ikaitwa Ritalin kutokana na jina lake la nyumbani, Rita.

Kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili kiliiingiza hali hii mwaka 1968, kikiichukulia kama jambo la watoto wasiotulia. Mwaka 1980 kikaweka mkazo kwenye umakini, na mwaka 1987 likaja jina tunalolijua, ADHD. Kwa muda mrefu wengi waliamini mtoto akikua inaisha. Toleo la mwaka 2013 ndilo lililolegeza vigezo kwa watu wazima, kwa sababu ilishaonekana wazi kwamba wengi wanazeeka nayo.

Kujua na kufanya ni vitu viwili

Mwaka 1997 mwanasaikolojia Russell Barkley aliandika makala iliyobadilisha mjadala. Kwa maelezo yake, ADHD inagusa uwezo wa kujizuia, na kupitia hapo inagusa kushika jambo kichwani, kuhisi muda unavyokwenda, na kujisukuma kuanza. Kwa hiyo mtu anaweza kujua vizuri kabisa anachotakiwa kufanya, na bado asikifanye.

Ndiyo maana kumwambia "jipange" hakusaidii. Anajua. Alishanunua hata daftari la kujipanga, likajazwa kurasa tatu. Kinachosaidia ni kuhamisha kumbukumbu na muda kutoka kichwani na kuviweka nje, pale pale kazi inapofanyika: alamu, karatasi ukutani, mtu wa kukaa naye wakati unafanya.

Nani alikuwa anakumbuka?

Hapa ndipo watu wasiotajwa wanarudi. Karne ya 20 ilijaa mabosi waliosifiwa kwa ubunifu huku nje ya mlango ameketi sekretari mwenye shajara, simu na mafaili. Yeye ndiye alijua mkutano ni saa ngapi, barua ipi haijajibiwa, na bethidei ya mke wa bosi ni lini. Nyumbani kazi hiyo hiyo ilimwangukia mama, mke au dada wa kazi. Funguo ziko wapi? Muulize mama. Ada inalipwa lini? Muulize mama.

Sasa fikiria mama huyo awe ndiye mwenye ADHD. Wasichana wengi hawakugunduliwa utotoni, kwa sababu mfano uliokuwa kichwani mwa watu ni mvulana anayeruka juu ya meza. Binti aliyekaa kimya dirishani akiwaza mbali aliitwa mzembe, basi. Akakua, akaolewa, akakabidhiwa kukumbuka mambo ya nyumba nzima. Yeye sekretari wake alikuwa nani?

Sekretari na mashine

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza programu ya mazungumzo iitwayo ELIZA. Ilikuwa rahisi sana, ilikuwa inageuza tu maneno yako na kukurudishia kama swali. Weizenbaum alisimulia kwamba sekretari wake, aliyekuwa ameiona ikitengenezwa na kujua kabisa ni mashine, alipiga nayo soga kidogo kisha akamwomba yeye atoke chumbani. Alitaka faragha.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha binadamu anavyodanganyika kirahisi. Mimi naona na kingine: mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza na kukumbuka ya wengine alipata cha kumsikiliza yeye. Na kwenye kisa hicho jina lake halitajwi.

Baada ya hapo vifaa vilikuja vingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wa Kiitaliano, Francesco Cirillo, alianza kusoma kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na ukazaliwa mtindo wa dakika 25 kazi, kisha mapumziko. Mwaka 1996 ikaja Palm Pilot ya mfukoni, 2011 Siri, na tarehe 30 Novemba 2022 ikafunguliwa ChatGPT.

Vifaa vya mwanzo vilikuwa na shida moja: vilitaka uwe umeshajipanga ndipo uviandikie. AI unaipa vurugu yenyewe. Ukiiambia "chumba kimenishinda", inaweza kukujibu: chukua mfuko mmoja, okota chupa tupu tu, mengine acha kwanza. Ipo hata programu ya Goblin Tools ambayo unachagua idadi ya pilipili. Kazi ikikuwia kali, ongeza pilipili, nayo inaikatakata vipande vidogo zaidi. Kwa mtu ambaye kuanza ndiyo mlima, hicho kipande cha kwanza kinaweza kuokoa siku nzima.

Lakini tusidanganyane

Nomenclator alitembea kando ya bosi bila kuitwa. AI nyingi hukaa kimya mpaka uifungue, na kusahau kuifungua ndiyo ADHD yenyewe. Wanaofaidika nayo wengi huifunga kwenye kitu ambacho hakisahauliki, kama alamu ya asubuhi au chai ya saa nne.

Pili, kupanga kunanoga. Unaweza kukaa saa mbili unarekebisha ratiba tamu na hujafanya hata kimoja. Tatu, AI hukosea kwa kujiamini, kwa hiyo tarehe ya mtihani na dozi ya dawa hakiki mwenyewe. Nne, yule sekretari aliomba mtu atoke chumbani, na wewe unapoimwagia siri zako jiulize nani mwingine yumo. Tano, haiwezi kukupima. Kama kazi, masomo na mahusiano vinaporomoka kwa sababu ya haya, muone daktari wa afya ya akili. Na rafiki wa kukaa naye tu, kila mtu na kazi yake, bado ana nafasi ambayo simu haijaijaza.

Ila kwa wale wa "uvivu tu huo": tajiri akiwa na sekretari mnamwita bosi. Binti wa Mbagala akiwa na AI kwenye simu ya mkopo mnamwita mvivu. Msaada ni ule ule, ila safari hii umefika kwa asiye na cheo.

Na wewe mdau, kabla ya simu janja, nani alikuwa anakukumbushia mambo yako? Mtaje kwa jina hapo chini.