Mraba

Neno "mraba" limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya "nne" uliotupa pia "robo" na "arobaini". Darasani lina kazi tatu, na mwanafunzi asiyezitenganisha hukosa swali jepesi.

Kwanza ni umbo: pande nne zilizo sawa, pembe nne za nyuzi 90. Pili ni pembe: pembe mraba ni ya nyuzi 90 popote ilipo, hata ndani ya pembetatu. Fundi ujenzi huitafuta kwenye kona ya msingi na kuiita skwea: hupima meta 3 upande huu, meta 4 upande ule, mshazari ukitoa meta 5, kona imekaa sawa.

Tatu ni kipimo cha eneo. Mraba wenye upande wa sentimita 5 una mzingo wa sentimita 20 na eneo la sentimita za mraba 25. Anayeandika "sentimita 25" ametaja urefu, si eneo.

Walimu, choreni umbo hilo, ligawanyeni katika vijimraba, kisha waacheni watoto wavihesabu wenyewe kabla ya kuwapa kanuni.