Dola 160 za Wakaliga

Machi 2015, Isaac Nabwana, mtengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, aliomba achangiwe dola 160 za Marekani atengeneze filamu ya mapigano iitwayo Tebaatusasula: Ebola. Ombi liliwekwa kwenye tovuti ya Kickstarter. Pazia lilipofungwa, watu 374 walikuwa wametoa zaidi ya dola 13,000.

Kuchangishana kunajulikana vizuri Kabwe, mkoani Rukwa, kama kunavyojulikana Sumbawanga na Tanzania nzima. Harusi ina kamati, mhazini na kadi za mchango. Msiba una daftari lake. Lakini kumchangia mtu ili atengeneze filamu yake? Hapo wengi husita.

Ulaya na Marekani walianza zamani. Mshairi Alexander Pope alipotafsiri Iliad ya Homer kwa Kiingereza, wasomaji walijiandikisha na kulipia kabla kitabu hakijakamilika. Juzuu 6 zikatoka kati ya 1715 na 1720. Mwaka 1885, Joseph Pulitzer alitumia gazeti lake la New York kuchangisha fedha za kujengea msingi wa Sanamu ya Uhuru. Zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakitoa chini ya dola moja, na gazeti likawachapa majina. Mwaka 1997 mashabiki wa bendi ya Marillion ya Uingereza walichangishana kwa intaneti wakaipeleka bendi hiyo kupiga muziki Marekani. Kickstarter ilizaliwa baadaye, mwaka 2009.

Nabwana naye hakuanzia kwenye tovuti. Alikuwa mfyatua matofali. Alijifunza mwenyewe kuunda kompyuta kwa vipuri, na mwaka 2005 akaanzisha kampuni ya Ramon, jina lililotokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Silaha za filamu zake ziliundwa kwa vyuma chakavu. Waigizaji walijitolea, kisha wakazunguka mitaani kuuza DVD wenyewe, wakikimbizana na wezi wa kazi za sanaa. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 iligharimu chini ya dola 200. Nakala mama ilifutwa kwenye kompyuta ili ipatikane nafasi ya filamu iliyofuata, na leo filamu hiyo inatazamwa kutokana na nakala za DVD. Ndani yake inasikika sauti ya VJ Emmie akisimulia na kutania, kazi ambayo watazamaji wa vibanda umiza vya Tanzania waliizoea kwa msimulizi Lufufu.

Kionjo cha filamu hiyo kwenye YouTube ndicho kilichomvuta Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York, akafika Wakaliga mwaka 2011 na kuwa mshirika wa Nabwana. Ushirika huo ulikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa Kickstarter hupokea waombaji wa nchi ilizoziorodhesha tu, na Uganda, Kenya na Tanzania hazimo. Msanii wetu mwenye kipaji na mashabiki bado huhitaji mtu wa ng'ambo wa kumfungulia mlango. Hilo ni kikwazo kisicho cha haki.

Hata hivyo, njia nyingine ipo mikononi mwetu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na Kenya tayari ina M-Changa, jukwaa la kuchangishana kwa simu. Michango ya harusi siku hizi hupita kwenye simu hizohizo, huku orodha ya waliotoa ikibandikwa kwenye kundi la WhatsApp.

Nabwana ameendelea. Bad Black ilitoka mwaka 2016, na mwaka 2019 Crazy World ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Kwa hiyo kijana wa Kabwe, Kirando au Namanyere akija na andiko la filamu na bajeti yake imeandikwa wazi, kamati iundwe, mhazini ateuliwe, na mchango wa kwanza utoke kwa jirani zake.